Kishona nguo kwenye gauni la mama mkwe

Maji hayajapata moto bado, na Mama Pasi si mtu wa kukaa bure. Amejiweka kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake, gauni la kahawia limelala magotini, na kwa kucha za vidole viwili anachomoa kutoka kwenye upindo vijiti vyeusi, vyembamba kama sindano. Kila kijiti kina vijimeno kwenye ncha. Akikivuta ovyo kinakatikia ndani ya kitambaa, na aliyevaa atachomwa siku nzima asijue anachomwa na nini.

"Hivi ukiviacha vikaingia kwenye beseni, umekwisha," anasema bila kuinua macho. "Vinahamia nguo za watu wengine. Shati la mtu wa ofisini linarudi na mbegu za porini, halafu unaitwa ujieleze."

Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki kilichotandikwa mto, bibi mmoja mwembamba anazifuata zile kucha kwa macho.

"Gauni la nani hilo?" anauliza.

"Lako, mama."

"Langu?" Bibi anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeonewa. "Mimi sina gauni lililojaa magugu namna hiyo. Huyo mwenyewe hajui kupalilia. Anakata katikati badala ya kufuata mstari."

"Nitamwambia," anajibu Mama Pasi, na anaendelea kuchomoa.

Kishona nguo hakihitaji kutambulishwa. Kinaota palipolimwa na pasipolimwa, kando ya njia, nyuma ya vyoo, kwenye viwanja ambavyo wenyewe wamekwama kujenga. Ua lake ni dogo, la manjano katikati, na mara nyingine lina petali chache nyeupe pembeni. Ni ndugu wa mbali wa alizeti, ingawa ukiviweka pamoja huwezi kudhani. Nyuki wanakipenda, sungura wanakipenda zaidi. Sisi wengine hatuna habari nacho mpaka ua likauke, lifungue kichwa chake cha sindano, nasi tupite hapo na suruali safi.

Mama Pasi, dobi wa miaka mingi, alikuwa akikilaani kila siku ya kazi. Siku hizi anakizungumzia kwa sauti nyingine, na sababu ni huyo bibi aliye kwenye kiti cha plastiki. Ni mama yake mkwe.

Jina lake la kuzaliwa wanalijua wachache. Hili la Mama Pasi limetokana na pasi ya mkaa, nzito, yenye mpini wa mbao uliokwisha kuwa mweusi, ambayo hajaibadilisha hata baada ya umeme kuingia uani. Umeme, anasema, una tabia ya kuondoka shati likiwa nusu, na shati la nusu halivaliki.

Ua lenyewe limezungukwa na vyumba vya wapangaji, bomba moja katikati, na kamba tatu za Mama Pasi za kuanikia zimevuka kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba cha mbele kabisa, kinachotazama barabara, ni cha kinyozi, jirani yake wa siku nyingi na mtu asiyeishiwa maneno.

"Huyu mama," kinyozi anamwambia mwandishi wa makala haya, akimnyooshea Mama Pasi kitana, "mpelekee barua ya kufukuzwa kazi. Ataipiga pasi mpaka isomeke umepandishwa cheo."

Mama Pasi anatikisa kichwa. Kazi yake anaieleza bila madoido. Ni kuloweka, kusugua, kusuuza mara mbili, kutia wanga kola za wanaotaka, kuanika, kunyoosha, kukunja, kupeleka. Ana wateja wa kudumu wasiofika ishirini. Walikuwa zaidi, lakini barabarani pamefunguliwa duka la mashine za kufulia, na vijana wanapenda kukaa mle wakitazama nguo zao zikizunguka.

"Mashine inafua vizuri," anakiri. "Ila haichomoi kishona nguo. Inakizungusha tu, kinahama kutoka soksi kwenda kwenye shuka."

Anacheka. Kwa dobi, anasema, mbegu hizo ni wambea. Mtu anamwambia mkewe ameshinda kikaoni, suruali inakuja na kishona nguo mpaka magotini. Kikao gani hicho kinafanyika kichakani?

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Nachomoa, nafua, nakunja. Siku dobi atakapofungua mdomo, mtaa mzima utahama."

Swali ambalo watu humuuliza zaidi halihusu nguo. Mume wake, dereva wa lori, aliugua akafariki, na mtoto hawakujaliwa. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hana mume, hana mtoto, anafua nguo za watu ili alipe chumba. Sasa mama mkwe ni wa nini? Si ana binti yake wa kumzaa?

Wanaojua yaliyopita wanashangaa zaidi, kwa sababu mama mkwe huyu hakumtaka.

"Hakunificha," anasema Mama Pasi. "Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake alinitazama mikono. Hakunitazama uso, alitazama mikono. Kisha akamwambia mwanawe mbele yangu, 'Nimekusomesha ili uniletee mwanamke wa kufua chupi za watu?'"

Mume alicheka, akageuza mazungumzo. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kucheka. Lakini mama hakucheka. Alipokuja kuwatembelea alikuja na chupa yake ya maji. Katika ndoa yote hiyo hakunywa maji nyumbani kwa mkwewe hata siku moja. Akikaribishwa kikombe anasema hana kiu, halafu anafungua mkoba, anatoa chupa, anakunywa.

"Nilikuwa naiota ile chupa," anasema Mama Pasi. "Unafagia, unapanga, unaosha kikombe mpaka kinang'aa. Halafu unaisikia sauti ya kifuniko. Krak."

Baada ya msiba, bibi alibaki peke yake nyumbani kwake, na akili ikaanza kumtoka polepole. Alibandika sufuria tupu jikoni akasahau, moshi ukawaleta majirani. Alimlipa muuza mkaa mara mbili, mara ya tatu muuza mkaa mwenyewe akakataa, akaenda kumwambia binti wa bibi. Binti huyo, ambaye ni wifi yake Mama Pasi, anauza katika duka la vifaa vya ujenzi na anaishi na mume na watoto katika vyumba viwili ambavyo havina pa kuongeza godoro. Alikuja uani akiwa amevimba macho.

"Sikwenda kumwomba amchukue," anasimulia wifi, ambaye mwandishi alimkuta dukani. "Nitaanzaje? Kwa maneno gani, baada ya mama kumtenda vile? Nilikwenda kulia tu, kwa sababu kaka hayupo na sikuwa na mwingine wa kumlilia. Akaniambia, 'Mlete.' Nikadhani sikusikia."

Mama Pasi aliulizwa kwa nini. Aliangalia kiti cha plastiki.

"Mume wangu alikuwa na masikio yake," alisema. "Mama akikaa upande, akatazama mlangoni, ni yeye kabisa. Sikuwa na sababu kubwa zaidi ya hiyo."

Siku bibi alipohamia, alikaa kitandani akatazama huku na huku. Akasema ana kiu. Mama Pasi akasimama na kikombe mkononi, asijue ampe au amtafutie chupa. Bibi akakipokea, akanywa maji yote, akashukuru, akamuuliza, "Na wewe mwenzangu, umeajiriwa lini hapa?"

"Nilikwenda bafuni nikafunga mlango," anasema Mama Pasi. "Sikujua nalia furaha au nalia hasira. Kwa sababu yule aliyenitukana alikuwa ameondoka. Ameondoka zake bila kuniaga, na bila kuniomba radhi. Na huyu aliyebaki hana kosa lolote."

Tangu siku hiyo jina lake likawa "mwenzangu".

Mbegu zilianza kuonekana mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi za mtaa mzima zilikuwa zimekauka au kuchomwa moto. Mchana Mama Pasi huzunguka kupeleka nguo zilizonyooshwa, na kinyozi humtupia bibi jicho. Akirudi humkuta bibi kwenye kiti chake, ametulia. Lakini gauni lilikuwa na kishona nguo kwenye upindo, mara nyingine hata mikononi mwa sweta.

"Ulikwenda wapi, mama?"

"Kazini."

Mama Pasi alicheka. Kinyozi naye alicheka, akaapa kwamba bibi haondoki pale, labda huenda nyuma ya choo. Mama Pasi akaenda nyuma ya choo, akakuta saruji na makopo. Akachoka, akaacha. Nguo zilikuwa zinamsubiri.

Halafu ikaja alasiri ambayo aliporudi alikikuta kiti kitupu.

Kinyozi alikuwa na foleni ya wanafunzi, shule zinafunguliwa kesho yake, hakuinua kichwa. Hakuna aliyemwona bibi akitoka. Mama Pasi alimpigia simu wifi yake, naye akaja mbio na fulana ya duka mwilini.

"Umemwachaje? Umemwachaje mtu kama yule peke yake?" wifi alipiga kelele tangu barabarani.

"Nigombeze tukishampata," Mama Pasi alimjibu. "Twende."

Walikwenda kituo cha mabasi, wakaenda sokoni, wakaenda zahanati, wakaenda kwenye ile nyumba aliyokuwa akiishi zamani, ambako mpangaji mpya hakuwahi hata kumsikia. Wifi alikuwa akimsimamisha kila mpita njia. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, meusi, mvua ya kwanza ya msimu, na bibi alikuwa ametoka na gauni jepesi.

Jua lilipokaribia kuzama walirudi uani kuchukua tochi na sweta. Mlangoni kulikuwa na furushi la nguo chafu lililoachwa na mke wa mteja mmoja. Mama Pasi alilisogeza kwa mkono apate kupita, na kiganja kikachomwa.

Alisimama hapo hapo.

"Wifi alinivuta, 'Twende, unangoja nini?' Mimi nakitazama kiganja. Furushi lilikuwa la mlinzi. Huyo baba analinda lile shamba la zamani la mbegu, nyuma ya soko, ambalo siku hizi halilimwi. Kuna bomba limepasuka mle ndani, halijawahi kuzibwa. Kiangazi chote hakuna mteja wangu mwingine aliyeleta nguo zenye kishona nguo. Ni yeye tu. Yeye na mama."

Jambo la pili lilimjia wakiwa tayari barabarani, nalo likamfanya akimbie. Kama sare za mlinzi zimeletwa kufuliwa, basi leo hayuko zamu. Getini yupo mtu mwingine, na huenda amefunga bila kujua kuna mtu ndani.

Mtu huyo mwingine walimkuta ndani ya kibanda chake, redio inasoma matokeo ya mpira, geti limefungwa na mnyororo. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka.

"Humu hamna mtu, mama zangu," alisema. "Mimi nimezunguka kote kabla ya kufunga."

"Umezunguka na macho au na redio?" wifi alimuuliza. "Fungua hili geti kabla sijalipanda na fulana hii."

Alifungua.

Shamba lilikuwa nusu giza. Matuta ya zamani bado yalionekana, yamelala sambamba, na kishona nguo kimeyafunika yote, kimefika kiunoni pale bomba linapovuja. Kwenye tuta moja tu palikuwa na udongo mtupu, mweusi, kama mtu amepitisha kitana kwenye nywele. Mwisho wa udongo huo alikuwapo bibi. Ameinama, miguu ameitanua, anang'oa kwa mikono miwili, anakung'uta mizizi, anaweka fungu pembeni. Mvua ilikuwa imeshamlowesha mabega.

"Mama!" Wifi alimkimbilia, akamshika mkono. "Mama, twende nyumbani, unalowa!"

Bibi aliuchomoa mkono wake. "Wewe nani? Msichana mpya? Mpya haanzi kazi kwa makelele." Kisha akamwona Mama Pasi, na uso ukafunguka. "Mwenzangu! Mbona umechelewa? Msimamizi akikuta mstari wako haujaguswa, tunakatwa sote."

Alimwonyesha tuta la jirani.

Wifi alitaka wambebe. Mama Pasi alipima kwa macho ile mifupa, ule mshiko wa vidole kwenye shina, akaona wakimvuta kwa nguvu watamvunja mkono. Akamvika sweta. Halafu akapandisha sketi yake, akaingia kwenye tuta, akainama.

"Nilisema moyoni, mgongo wangu umezoea," anasimulia. "Tofauti ni kwamba hapa hakuna beseni."

Wifi alibaki amesimama mvuani, mdomo wazi. Baada ya muda alivua viatu, akaviweka juu ya jiwe, akaingia upande wa pili. Yule mlinzi wa zamu alikuja kuuliza kulikoni, akatazama, akarudi kibandani kuchukua mwavuli, akaja kumshikia bibi. Redio alikuwa ameizima.

Walifika mwisho wa tuta wakiwa matope matupu. Bibi alirudi nyuma akikagua, akachomoa miche miwili waliyoiruka, akaridhika.

"Haya. Sasa tunaweza kwenda."

Wakajibanza chini ya paa la ghala bovu, wakingoja mvua ipungue. Hapo bibi alikichukua kiganja cha Mama Pasi, akakigeuza, akakipapasa kwa dole gumba. Ngozi ya vidole vya dobi huwa nyeupe, imejikunja kwa sabuni.

"Mikono yako imeharibika," alisema. "Na yangu ilikuwa hivi. Lakini mwanangu mimi hatainama kwenye tuta. Wala mke wake. Mke wa mwanangu hatainama popote."

"Atafanya kazi gani, mama?" Mama Pasi aliuliza.

Bibi alifikiri. "Atakaa," alisema. "Atakaa tu kwenye kiti."

Wifi alikuwa amegeukia ukuta. Maisha yake yote, anasema, aliambiwa kwamba mama yake alikuwa karani wa ghala la mbegu. Ndivyo alivyowaambia hata watoto wake. Hakuwahi kusikia kwamba mama alikuwa kibarua wa kung'oa magugu, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini karani ana mgongo uliopinda namna ile.

Mama Pasi amelifikiria jambo hilo mara nyingi akiwa kwenye beseni.

"Watu wananiambia, 'Umeona? Hakukuchukia wewe, alichukia ile kazi.' Inawezekana. Alitazama mikono yangu akaiona yake. Au labda alinichukia tu, watu huchukiana. Siwezi kumuuliza tena. Lakini ile chupa siioti siku hizi."

Bibi alipata homa na kifua kikambana kwa zaidi ya wiki. Wifi alikuja kila jioni, na siku moja alikuja na kufuli jipya, bado liko kwenye pakiti yake, kutoka dukani kwao. Alisema ndiyo njia pekee. Mama Pasi akitoka kupeleka nguo afunge mlango kwa nje. Si ukatili, ni usalama.

"Nilimwambia, wifi, wewe utakuwa dukani," anakumbuka Mama Pasi. "Mimi ndiye nitakayerudi nimkute amekaa nyuma ya mlango. Mimi ndiye nitakayeambiwa na majirani kwamba amegonga mpaka amechoka. Kama unataka kufuli, mchukue ukamfungie kwako."

Walinuniana. Kinyozi anasema ua zima lilikuwa linatembea kwa ncha za vidole. Mwishowe ni wifi aliyelegea. Alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa viatu vya mpira, akauliza kwa sauti ya chini, "Kazini mnakwenda saa ngapi?"

Ndiyo utaratibu mpaka leo. Mara mbili kwa wiki, alasiri, Mama Pasi anaacha pasi, anamshika bibi mkono, na wanakwenda taratibu mpaka shamba la mbegu. Siku moja kati ya hizo wifi anamshika mkono wa pili. Wateja wengine wamelalamika kwamba nguo zinachelewa, na watatu wameondoka. Kwa mtu anayeishi kwa furushi hadi furushi, hilo si dogo. Mwezi uliopita kodi ya chumba ilichelewa.

Mwandishi aliandamana nao alasiri moja. Mlinzi wa kawaida, yule mwenye sare zenye mbegu, alifungua geti kabla hawajabisha.

"Mimi nilikuwa namruhusu tangu mwanzo," alisema, akijikuna kisogo. "Nilidhani anachukua majani ya sungura. Nikawa nashangaa tu, huyu bibi ana sungura wangapi? Anang'oa, anapanga mafungu, anaondoka mikono mitupu. Nikasema labda sungura wake wamekufa, ni majonzi."

Bibi alikwisha kuingia kwenye tuta. Anang'oa polepole siku hizi, na mara kwa mara anasimama kupumua, mkono kiunoni. Mama Pasi yuko tuta la pili, nusu hatua nyuma yake, kwa sababu akimpita anagombezwa. Wanazungumza. Bibi anamsengenya msimamizi ambaye bila shaka amekufa zamani, anaeleza jinsi wasichana walivyomwekea kishona nguo kwenye kiti, akakaa, akainuka kama aliyekalia moto. Mama Pasi anacheka mpaka anashika tumbo. Hadithi hiyo ameshaisikia mara nyingi. Anasema kila mara kuna kitu kipya kidogo.

Lakini mlinzi ana habari nyingine, na anaisema akiwa amempa bibi kisogo. Shamba limepata mpangaji. Kabla ya msimu ujao bomba litazibwa, trekta litaingia, na kabla ya trekta itanyunyizwa dawa ya kuua magugu, shamba zima. Hataruhusiwa tena kufungulia mtu.

"Ningekuwa na uwezo ningewaachia hata matuta mawili," anasema. "Mimi ni wa geti tu."

Habari hizo zimemfikia Mama Pasi. Anajua kwamba bibi hatakumbuka shamba kwa jina. Anajua pia kwamba miguu yake itaikumbuka njia, na itafika kwenye geti lililofungwa.

Ndiyo maana wiki mbili sasa amekuwa akitoka asubuhi na mapema, kabla ya kuwasha mkaa, kutafuta nyumba. Zaidi ya nyumba anatafuta kiwanja, kipande chochote cha udongo nyuma ya chumba, chenye uzio. Vyumba vyenye udongo viko pembeni ya mji, ambako wateja wake hawafiki. Itambidi abebe mafurushi kwenda na kurudi, na pasi nzito ile. Wifi ameahidi kuwapokelea wateja nguo dukani, nyuma ya mapipa ya rangi, akimpata bosi wake siku ana moyo mzuri. Kinyozi naye amesema atabaki na kamba moja uani kama kumbukumbu, halafu akaondoka haraka akajifanya anatafuta wembe.

Juzi alipata. Ni chumba kimoja na kibaraza, ukuta unataka chokaa, mlango unataka bawaba. Mwenye nyumba, mzee mstaarabu, alimwonyesha ndani haraka haraka, halafu akasita kumpeleka nyuma. Alipofungua mlango wa uani, kishona nguo kilikuwa kimesimama kutoka ukuta mpaka uzio, kinafika magotini, vichwa vya manjano vimetapakaa kila mahali, nyuki wanapiga kelele.

Mzee aliona haya. Alisema nyumba imekaa tupu muda mrefu. Aliomba radhi, akaahidi kutuma mtu afyeke kila kitu kabla hawajahamia.

"Baba, tafadhali," Mama Pasi alimwambia. "Usiguse hata mche mmoja. Hiyo kazi ina mwenyewe."